Kura ya Lucia imemwangukia binti yangu, Desemba 13. Naomba kujua asili ya sikukuu hii kabla sijakubali

MamaNeema, Göteborg

Bwana asifiwe ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa mlioishi Uswidi kunizidi.

Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Juzi mwalimu alipiga kura darasani kumtafuta atakayekuwa Lucia mwaka huu, kura ikamwangukia yeye. Alirudi nyumbani anarukaruka. Atavaa kanzu nyeupe ya kufika kwenye nyayo, utepe mwekundu kiunoni na taji la mishumaa kichwani. Atatangulia yeye, wenzake watamfuata wakiimba gizani, sisi wazazi tukiwa tumekaa ukumbini. Wasichana wengine watashika mshumaa mmoja mmoja, na wavulana watavaa kofia ndefu zilizochongoka zenye nyota.

Tatizo limeanza nilipomtumia mama yangu picha ya taji, yeye yuko Morogoro. Alinipigia saa ileile. Kwake yeye, mtu kuwekewa moto kichwani alfajiri ya giza ni mambo ya mizimu, na akanikumbusha kuwa nimebatizwa kwa maji mengi. Mimi nimelelewa Kipentekoste, habari za watakatifu hatukufundishwa. Nikiuliza hapa kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia ni mtakatifu wa Kiitalia. Mwingine ananiambia ulikuwa usiku wa wachawi wa kale. Jirani yangu ameniambia ni desturi tu, nisiwaze, nile mkate.

Sasa nauliza. Huyu Lucia ni nani hasa? Kama ni mtakatifu wa Wakatoliki, imekuwaje Waluteri wamshike namna hii? Na kwa nini tarehe 13, siyo Krismasi yenyewe?

Kuna jingine linanikaa moyoni. Neema ndiye mtoto mweusi peke yake darasani. Mzazi mmoja ameniuliza kama taji "litakaa vizuri" kwenye nywele zake. Sikujua nijibu nini. Mwalimu anataka jibu langu Ijumaa.

Mlinzi_wa_Neno, Mwanza

Dada, msikilize mama yako. Nimesoma habari za nchi za kaskazini. Kulikuwa na pepo la kike liitwalo Lussi, watu wakiamini linapita angani na kundi lake usiku wa kuamkia tarehe 13. Kanisa lilipofika likakuta usiku huo una wenyewe, likaubandika jina la mtakatifu. Ndivyo walivyofanya hata na Desemba 25, iliyokuwa siku ya jua la Warumi. Yeremia 10 anasema, "Msijifunze njia ya mataifa." Mtoto anaweza kuimba Krismasi kanisani bila taji la moto.

MaKoku, Uppsala

Asifiwe sana, Mama Neema. Na wewe Mlinzi wa Neno nakusalimu, najua umeandika kwa kumjali mtoto.

Mimi ni Mluteri wa Bukoba. Nimefika huku watoto wangu wakiwa wadogo kuliko Neema, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Lucia nimemwona nikiwa mzazi ukumbini, na nimemwona nikiwa mwenye zamu ya asubuhi ninayewafungulia waimbaji mlango. Nitaandika kwa urefu, maana mama yako anastahili jibu lenye kichwa na miguu.

Lucia alikuwa msichana wa Siracusa, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicilia. Aliuawa kwa ajili ya Kristo mwaka 304, katika mateso ya Kaisari Diokletiano. Wanaosimulia habari zake wanasema mama yake, Eutychia, alikuwa na ugonjwa wa kutokwa damu, wakasafiri wote wawili hadi Catania kwenye kaburi la Agata, shahidi aliyeuawa kabla yake. Mama akapona. Lucia akamwomba mali yote aliyowekewa kwa ajili ya ndoa igawiwe maskini. Mchumba akaona mali inateketea mbele ya macho yake, akaenda kumshtaki kwa liwali, Paschasius, kwamba ni Mkristo. Liwali akaamuru apelekwe danguroni akadhalilishwe. Wakamfunga kamba wakamvuta kwa maksai, hakusogea. Wakamwashia moto, haukumshika. Mwisho akachomwa upanga shingoni.

Habari ya maksai iliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, kila mtu aipime kwa imani yake. Lakini kwamba Wakristo wa Siracusa walimkumbuka mapema, hilo limeandikwa kwenye jiwe. Mwaka 1894 mwanaakiolojia Paolo Orsi alikuta katika makaburi ya chini ya ardhi ya San Giovanni pale Siracusa jiwe la kaburi la mwanamke aliyeitwa Euskia. Limeandikwa kwa Kigiriki, na linasema Euskia alifariki siku ya sikukuu ya "bibi yangu Lucia". Jiwe hilo ni la miaka kama mia moja hivi baada ya Lucia kuuawa. Yaani mtu wa kawaida, mume aliyefiwa na mkewe, alikuwa tayari anaihesabu siku ya Lucia kama alama ya kalenda ambayo kila mtu wa mji anaijua.

Hapo ndipo ninapotaka Mlinzi wa Neno anisikilize, kwa sababu tarehe ndiyo kiini cha hoja yake. Anasema kanisa liliukuta usiku wa giza likaubandika jina. Tuhesabu pamoja. Kalenda ya zamani, ile ya Julio Kaisari, ilizidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11. Dakika hizo zilijilimbikiza zikawa siku nzima kila baada ya miaka kama 128. Lucia alipouawa, usiku mrefu kuliko wote ulikuwa karibu na Desemba 21, zaidi ya wiki moja baada ya siku yake. Huko Sicilia walimkumbuka tarehe 13 bila kuwazia usiku mrefu. Karne zikapita, kalenda ikazidi kuteleza, na kufikia karne ya 14 usiku ule mrefu ukawa umeangukia Desemba 13. Siku ya shahidi haikusogezwa hata hatua moja. Giza ndilo lililosogea likamkuta amekwisha kukaa.

Ndipo watu wa kaskazini, ambao kalenda ya kanisa ilikuwa imewafikia pamoja na majina yake yote, wakajikuta na usiku wa Lucia ambao ndio usiku mrefu wa mwaka. Na usiku mrefu kwa mkulima wa Uswidi wa wakati ule ulikuwa jambo zito. Hapa Uppsala siku hizi za katikati ya Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Kule Kiruna, kaskazini kabisa, halichomozi kabisa. Watu wakaujaza usiku huo hofu zao. Ni kweli, walisimulia habari za Lussi anayepita na kundi lake, anayeweza kuingia kwa bomba la moshi akikuta kazi za nyumbani hazijaisha. Walisema wanyama wanaongea usiku huo. Ng'ombe waliongezewa majani. Na kwa sababu zamani mfungo wa kabla ya Krismasi ulikuwa unaanza, watu waliamka usiku wa manane wakala kifungua kinywa, wakalala, wakaamka wakala tena. Hayo yote yalikuwepo. Lakini yalikuja kuushika usiku ambao jina lake lilikuwa la shahidi wa Kikristo, siyo kinyume chake.

Baadaye Uswidi wakarekebisha kalenda. Mwaka 1753 watu walilala Februari 17 wakaamka Machi 1, siku 11 zikarukwa. Usiku mrefu ukarudi kwenye Desemba 21. Lucia akabaki na 13 yake.

Sasa la Waluteri. Uswidi ilijifunga rasmi kwa ungamo la Kiluteri katika mkutano wa Uppsala mwaka 1593, na heshima kwa watakatifu ikapungua sana. Majina yao lakini yalibaki kwenye kalenda za nyumbani. Hiyo kanzu nyeupe na taji la taa mama yako anayoyaogopa, wataalamu wa mila wanasema yanafanana sana na desturi ya Waluteri wa Ujerumani: walipoacha Mtakatifu Nikolao kuwaletea watoto zawadi, wakasema sasa anayeleta ni Mtoto Kristo, na aliyemwigiza mara nyingi alikuwa msichana mwenye nguo nyeupe na taji la mishumaa. Desturi hiyo ikavuka bahari ikaingia kwenye nyumba za wakubwa wa Uswidi magharibi. Kumbukumbu ya kwanza ya Lucia mwenye nguo nyeupe ni ya mwaka 1764, kutoka nyumba ya kabaila mmoja huko Västergötland: mgeni ameamshwa alfajiri na msichana wa nyeupe mwenye mishumaa, na chakula kinaletwa. Kwa hiyo mavazi ambayo binti yako atavaa yamepitia kwenye nyumba za Waluteri waliokuwa wanakwepa watakatifu. Mimi hilo linanigusa sana kila mwaka.

Kusambaa nchi nzima ni jambo la juzi. Mwaka 1927 gazeti moja la Stockholm liliandaa shindano la kumchagua Lucia wa mji, miji mingine ikafuata, kisha shule, viwanda, hospitali. Hata wimbo mkuu mtakaousikia sauti yake ni ya wavuvi na wapiga makasia wa Napoli, maneno ya Kiswidi yaliwekwa baadaye. Siyo sikukuu ya mapumziko. Watu wanaamka saa kumi na mbili, wanaimbiwa, wanakunywa kahawa, wanakwenda kazini. Washindi wa Nobel wanaolala Stockholm baada ya sherehe ya Desemba 10 nao huamshwa hotelini na Lucia na waimbaji wake.

Wamisionari Waswidi walikuwa wengi kwetu Kagera. Bengt Sundkler alikuwa askofu wetu kuanzia 1961 hadi 1964, kisha akamwachia Josiah Kibira. Walituletea tenzi, hospitali na shule. Lucia hawakumleta, mimi sikuwahi kumwona Bukoba. Hilo linakuonyesha wao wenyewe wanamwona wapi: ni mtu wa nyumbani na wa asubuhi ya baridi, hayumo kwenye fundisho la imani. Hakuna anayemwomba, hakuna anayemfukizia ubani. Wanaimba, na nyimbo nyingi zinazofuata ni za Krismasi, za Kristo.

Mikate nayo usiache kumfundisha Neema, inaitwa lussekatter. Zafarani inauzwa hapa kwa vipakiti vya nusu gramu, mara nyingi wanaiweka karibu na mahali pa kulipia kwa sababu ya bei yake. Mimi hutumia vipakiti viwili kwa nusu lita ya maziwa. Usiitupe zafarani kavu kwenye unga. Itwange kwenye kinu kidogo pamoja na donge moja la sukari, sukari inaisaga hadi inakuwa vumbi jekundu, kisha mimina juu yake maziwa ya uvuguvugu uisubiri. Utaona maziwa yanaanza rangi ya chai, yanaishia rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Usiwe bahili wa siagi, maana zafarani hukausha mkate, na mkate mkavu wa Lucia ni huzuni. Finyanga kamba nene kama kidole, ncha moja uikunje huku, nyingine kule, ikae kama herufi S, na katikati ya kila mkunjo bonyeza zabibu kavu moja hadi iguse chini, la sivyo itaruka mkate ukiumuka. Dakika sita au saba kwenye jiko la moto mkali, digrii 225, usiondoke hapo.

Nikija kwenye nywele. Mwaka 2016 duka kubwa moja hapa lilitoa tangazo la mtoto mwenye ngozi nyeusi akiwa amevaa kama Lucia. Watu wakamtukana mtandaoni, mtoto mdogo kabisa, hadi wazazi wake wakaomba picha iondolewe. Waswidi wengine wengi, wake kwa waume, wakaweka picha zao wakiwa na taji ili kumtetea. Shule nyingi zimeacha mtindo wa kupigia kura sura na kushika kura ya bahati, kama ya darasa la Neema, na wakati mwingine inamwangukia mvulana, naye anavaa. Lucia mwenyewe alikuwa binti wa Sicilia, kisiwa kilicho karibu na Tunisia kuliko kilivyo karibu na Göteborg. Hakuna mahali popote palipoandikwa nywele zake zilikuwa za dhahabu. Hizo zilitoka kwenye kadi za posta na mashindano ya magazeti. Mwambie huyo mzazi taji litakaa vizuri sana.

Kwenye nyumba yetu ya wazee tuna kina mama waliosahau majina ya watoto wao. Asubuhi ya tarehe 13 tunazima taa za ukumbi, tunawasogeza kwenye viti vya magurudumu, mlango unafunguliwa, sauti inaanza kusikika tokea koridoni. Kuna bibi mmoja ambaye siku zote hasemi neno. Siku hiyo aliimba beti zote hadi mwisho, na sauti ya pili aliiweka. Nilikuwa nimemshika mkono.

Mruhusu mtoto, mwanangu. Ila mkae naye kwanza umsimulie Siracusa.

Sista Benigna, Siracusa

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeona mji wangu umetajwa, nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mtawa, kwetu ni Songea, na utume wangu uko huku.

MaKoku, umesimulia vizuri. Niongezee ya huku. Tarehe 13 sanamu ya fedha ya Mtakatifu Lusia, kazi ya fundi Pietro Rizzo ya mwaka 1599, inatolewa kanisa kuu kule Ortigia, kisiwa chenye mji wa kale wa Siracusa, na kubebwa mabegani na wanaume wenye kofia za kijani hadi kanisa lililojengwa pale panapoaminika alizikwa. Ni mwendo wa saa nyingi, maana ni nzito mno, wanapumzika kila baada ya hatua chache kengele ikilia. Watu wanapaza sauti kwa lahaja yao kwamba ni wa kwao, ni Msirakusa! Wazee wanatembea bila viatu kwa nadhiri. Desemba 20 wanamrudisha, na siku hizo huwa anakuja msichana kutoka Uswidi aliyevaa taji la mishumaa, anaandamana pamoja nasi. Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani ni mchezo wa kuigiza. Watu wa hapa wanampokea kama ndugu aliyerudi.

Mwili wake hauko hapa. Ulichukuliwa Konstantinopoli, kisha Venezia, na sasa uko kanisa la San Geremia hukohuko Venezia, tangu miaka ya 1860, walipobomoa kanisa lake ili kupisha reli. Ndiyo maana stesheni ya treni ya Venezia inaitwa Santa Lucia.

Nyie mnakula mkate wa zafarani, huku siku hiyo wengi hawagusi mkate wala tambi. Inasimuliwa kuwa mwaka 1646 kulikuwa na njaa kali, meli ya ngano ikaingia bandarini siku yake, watu hawakuweza kungoja kusaga, wakachemsha ngano nzima wakala. Hadi leo tunapika cuccìa: ngano nzima iliyolowekwa siku kadhaa, ikachemshwa polepole, ikachanganywa na jibini laini ya ricotta na asali. Jikoni kwetu tunaanza kuloweka tarehe 10.

Mama Neema, utaona picha ambazo ameshika macho mawili kwenye sahani. Usishtuke. Habari ya macho haimo kwenye simulizi la kale, iliingia karne nyingi baadaye, kwa kuwa watu walimwomba awaombee wenye maradhi ya macho. Na kwa Wakatoliki wanaosoma hapa: jina lake mnalisikia katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, pamoja na Perpetua, Agata na Agnesi.

Mlinzi_wa_Neno, Mwanza

MaKoku, shikamoo. Hesabu ya kalenda nimeirudia mwenyewe kwa kalamu, naona inasimama. Kuhusu Lucia nakubali tarehe haikuibwa. Lakini Desemba 25 je? Hapo kuna ushahidi wa jua la Warumi, huwezi kuukana.

MaKoku, Uppsala

Marahaba mwanangu. Siukani. Kaisari Aureliano alimjengea Jua Lisiloshindwa hekalu Roma mwaka 274. Lakini angalia ushahidi wa tarehe yenyewe uko wapi. Uko kwenye kalenda iliyokusanywa Roma mwaka 354, na katika mkusanyo huohuo mmoja ndimo tunamokuta Desemba 25 ikitajwa siku ya kuzaliwa kwa lile jua na pia siku ya kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu. Kwa hiyo mtu akisema kwa uhakika kwamba Wakristo waliichukua kwa wapagani, anasema zaidi ya karatasi inavyosema.

Kuna maelezo mengine ambayo mimi binafsi yananiridhisha zaidi. Wakristo wa mwanzo walipenda kuhesabu. Wengine walikwisha kukadiria kuwa Bwana alisulubiwa Machi 25, na waliamini mtu mkamilifu hufa siku ileile aliyotungwa mimba. Machi 25 ongeza miezi tisa, unafika Desemba 25. Upande wa mashariki baadhi yao walihesabu kutoka Aprili 6, wakapata Januari 6, na Waarmenia hadi leo wanaadhimisha kuzaliwa kwa Bwana Januari 6. Hesabu kama hiyo haihitaji jua la mtu yeyote. Wasomi bado wanavutana, nami siwezi kuwaamulia.

Lakini hata kama ingekuwa walitazama jua, Malaki alitangulia kumwita anayekuja "jua la haki". Mkristo wa Roma aliyesimama chini ya lile hekalu akasema jua la kweli ni mwingine, sioni kama amejifunza njia ya mataifa. Naona amewajibu.

MamaNeema, Göteborg

Nimesoma yote, nimemsomea na mama kwa simu. Aliposikia habari ya Lucia kugawa mali yake ya ndoa kwa maskini alinyamaza kidogo, akasema "kumbe ni shahidi". Ameniagiza nimfundishe Neema jina la Diokletiano pia, ili ajue aliyemuua. Nimemjibu mwalimu ndiyo.

MaKoku, Sista, asanteni sana. Swali la mwisho, la kimama. Neema nimemsuka rasta ndefu, na mwalimu amesema taji linaweza kuwa la mishumaa ya kweli au la betri, tuchague. Ni lipi?

MaKoku, Uppsala

Betri, mwanangu, wala usifikirie mara mbili! Mishumaa ya kweli ni ya watu wazima wa kwaya, na hata wao wanawekewa kitambaa kilicholoweshwa chini ya taji ili nta isiwachome. Rasta ni plastiki, ikiguswa na moto inayeyuka na kushika ngozi ya kichwa. Mtoto mwenye rasta asivae moto.

Mataji ya dukani yametengenezwa kwa vichwa vya nywele laini, yanateleza juu ya misuko. Chukua la chuma chembamba linaloweza kupanuliwa kwa nyuma, siyo la plastiki ngumu. Zile rasta zirudishe nyuma uzifunge chini, usizipandishe juu, halafu pitisha utepe mwembamba mweupe kwenye pete ya taji uushikize kwa misuko miwili ya pembeni, kushoto na kulia. Alivae nyumbani siku mbili tatu kabla, atembee nalo akiimba, kwa sababu akiimba kidevu kinapanda na taji linarudi nyuma. Kanzu ikate juu ya kifundo cha mguu kama ukumbi wao una ngazi. Na betri mpya uzitie asubuhi ileile, za akiba zikae mfukoni mwako.

Akiwa tayari, mtumie bibi yake wa Morogoro picha.